Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli: siku tatu za mazoezi ya triathloni mkoani Tanga

Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na barabara hii inafaa kwa mazoezi yake. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 hivi, na inakutoa kwenye joto la bondeni hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nusu ya kwanza, hadi mji mdogo wa Soni, ndiyo kali. Baada ya hapo mlima unalegea. Wengi huuogopa mlima, kumbe kinachowaharibia safari ni gia nzito wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka. Anza na hivyo viwili.

1. Gia, kabla hujatoka nyumbani. Hesabu meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Mbele ndogo iwe na meno 34, nyuma kubwa iwe na 32. Kwa tairi la milimita 28, ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika utakwenda kilomita 9.5 kwa saa, mwendo unaofaa kwenye kona za Mombo. Ukiwa na meno 39 mbele na 25 nyuma, mwendo huohuo utakulazimisha uzungushe mara 48 hivi tu, na magoti ndiyo yatakayolipa. Ukibadilisha sproketi za nyuma, mwambie fundi apime na urefu wa cheni: ikiwa fupi, siku utakapoweka sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma itavuta kibadilisha gia na kukikunja.

2. Siku ya kwanza, Tanga mjini. Ogelea kwenye ufukwe wa Raskazone maji yakiwa yamejaa, dakika 40. Angalia mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hutoka mbali na mkondo huvuta, kwa hiyo fuata ufukwe, usikate kwenda nje. Jioni panda basi hadi Mombo. Barabara kuu ya Segera na Korogwe si ya mazoezi, malori na mabasi ya mikoani hayana nafasi ya kukupisha. Elewana na kondakta bei ya mzigo kabla baiskeli haijapanda. Toa gurudumu la mbele, uweke kipande cha mti katikati ya uma unaoshika gurudumu hilo, ili usibanwe ukapinda.

3. Siku ya pili, kupanda. Ondoka saa 12 alfajiri. Ukichelewa hadi saa 3, jua la Mombo litakukausha kabla hujafika kwenye ubaridi. Beba chupa mbili za mililita 750. Kwa kila lita tia vijiko vitatu vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu. Kilomita tano za mwanzo panda kwa nguvu ambayo bado unaweza kuongea sentensi nzima. Anayezianza kwa pupa hutembea kabla ya Soni. Kwenye kona za kushoto usijibane ndani kabisa, huko ndiko mlima huwa mkali zaidi na ndiko mvua huacha kokoto. Soni ongeza maji, kula ndizi mbili, endelea. Panga saa mbili na nusu hadi tatu kwa safari nzima. Ukifika Lushoto usikae: vaa raba, kimbia dakika 20 taratibu, miguu izoee kutoka kwenye pedeli.

Asubuhi ya siku ya tatu, kukimbia kwenda Irente, karibu na Lushoto, kunatosha. Njia ni ya udongo, haifai tairi nyembamba.

4. Kushuka. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Breki za raba zikishikwa mfululizo hupasha rimu moto, upepo ndani hutanuka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa katikati ya kona. Shika kwa nguvu sekunde mbili tatu kabla ya kona, achia, acha rimu ipoe. Ukisikia harufu ya raba kuungua, simama. Usiguse rimu kwa kidole. Dondoshea maji kidogo, yakichemka subiri dakika kumi. Rimu za kaboni kwa breki za raba zisije huku. Tairi za mtu wa kilo 70 zinatosha psi (kipimo cha upepo) 75 nyuma na 70 mbele; siku ya ukungu au mvua punguza tano. Malori ya Fuso yanayobeba kabichi na karoti hutanua kwenye kona, basi kaa upande wako wa kushoto hata kama barabara inaonekana tupu. Masika, Machi hadi Mei, mawe huanguka kutoka kwenye kingo, na ni bora kuahirisha.

Mombo, kabla ya kupakia tena, kagua raba za breki. Zikiwa zimeng'aa kama kioo, zisugue kwa msasa hadi zirudi kuwa na ukwaruzo. Mistari yake ikiwa imefutika, badilisha zote nne.