Rampu ya mbao ya kuingiza boda kwa nyumba

Kama unakaa ploti huku Nakuru, Kaptembwo ama Rhonda, unajua boda hailali nje, ikilala nje asubuhi unapata imebaki kufuli tu. Shida ni ngazi. Kwangu ziko tatu, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nalaza ubao mmoja wa inchi 8x2 hapo naupanda na gia ya kwanza nikiomba Mungu, mpaka jioni moja mvua imenyesha ubao ukachomoka ukarudi nyuma, pikipiki ikalala upande wa kulia juu ya pipa la maji la mama jirani. Indiketa ikaenda, pipa likapasuka, na pipa ndilo nililipa kwanza maana mama mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni akiangalia.

Sasa angalia vizuri, ule ubao haukuvunjika. Watu wengi wakiambiwa rampu wanaenda kutafuta mbao nene kama ya daraja, wanaikata fupi juu ya kuokoa pesa, na ufupi ndio unaangusha watu, ufupi na kukosa kitu cha kuizuia huku chini.

Kwa hivyo anza na kupima kimo, kutoka chini mpaka juu ya veranda, halafu zidisha mara tano. Ngazi zangu ni inchi 6 kila moja, tatu ni 18, mara tano ni 90, hiyo ni futi saba na nusu, basi unachukua mbao ya futi 8 na unasahau. Ukifanya mara mbili tu, pikipiki ikifika pale juu tairi la mbele liko kwa veranda na la nyuma bado liko kwa mteremko, tumbo linakwaruza ukingo na inakwama hapo katikati haiendi mbele hairudi. Na kabla hujanunua chochote pima usukani na upana wa mlango, nimeona mtu amemaliza rampu safi halafu usukani ukakataa kuingia.

Mbao nunua saipresi, zile za kutoka upande wa Elburgon na Molo ziko tele kwa yadi. Bluugamu ni ngumu lakini ni nzito, inajikunja, na ukiigonga msumari inapasuka. Chagua zenye hazina jicho kubwa (pale tawi lilitokea) katikati, na ukiinua ukasikia ni nzito kama imelowa ujue imepasuliwa juzi, ilaze kivulini wiki mbili hivi kwanza. Kwa kimo kama changu utahitaji futi 19 za 6x2 (mbili za futi 8, na futi 3 za vipande vya katikati), futi 24 za 6x1, na kilo moja ya misumari ya inchi 3. Nondo mbili za futi mbili mbili utapata tu mahali wanajenga, omba, usiibe.

Zile 6x2 mbili ndizo zinabeba kila kitu, na lazima zisimame kwa ubavu, zisilale. Mbao hiyo hiyo ikisimama inabeba mara tatu ya ile imelala, ndio maana hata fundi wa paa hakulazii mbao.

Kukata sasa ndio kazi yenyewe. Mwisho wa chini, pima inchi 30 kwa ukingo wa chini wa mbao (inchi 6 mara ile tano yetu) halafu piga laini ya mshazari kutoka hapo hadi kona ya juu ya mwisho wa mbao. Kata. Ncha itatoka nyembamba kama ulimi, ipunguze kidogo mpaka ibaki na unene wa kama inchi moja, la sivyo itapasuka siku ya kwanza. Ukimaliza iweke mahali pake, chini imekaa flati, juu imegusa ngazi ya pili na imesukumwa mpaka kwa ukuta wa veranda. Utaona imekaa juu kuliko veranda. Usikate kwa macho! Pima imezidi inchi ngapi, kwangu ilikuwa kama mbili, tafuta kipande cha mbao chenye unene huo huo, kilaze juu ya ngazi kikigusa ubavu wa ile 6x2, weka penseli juu yake na ukitembeze hivyo polepole, penseli inaandika laini kwa mbao. Kata kwa hiyo laini, mbao itashuka ikae kwa ngazi kama imezaliwa hapo. Hakuna hesabu hapo, na hata kama ngazi zako fundi alizijenga zikiwa zimelala upande, mbao itafuata tu.

Ya pili fanya vile vile, usinakili ya kwanza bila kujaribu. Halafu zishikanishe na vipande vitatu vya inchi 10, kimoja juu, kimoja katikati, kingine chini. Zile 6x1 kata za inchi 18, utapata kama 15, zipange kukingama ukiacha nafasi ya nusu inchi ya maji na matope kupita. Misumari miwili kila upande. Kabla ya kugonga msumari upindue uigonge ncha kidogo na nyundo iwe butu, msumari butu haupasui mbao.

Juu usipake oili chafu. Oili ya gereji ni nzuri ya kuzuia mchwa, paka chini na kwa zile 6x2 zote, lakini pale tairi linapita paka rangi na umwagie mchanga mkavu kama rangi bado ni mbichi. Ama uende kwa wale wa akala wakukatie vipande vya tairi, mimi ndivyo nilifanya na hata kwa mvua ya Aprili haitelezi.

Halafu zile nondo. Tairi la nyuma likivuta kupanda linaisukuma rampu irudi nyuma, ndicho kilichonifanyia ile siku. Pigilia nondo mbili ardhini mbele ya ncha za chini, ziache inchi mbili tu nje ili watoto wasijikwae. Kama uwanja ni simiti, funga mnyororo kutoka rampu hadi kwa grili.

Kupanda, usikae juu ya pikipiki. Simama kushoto kwake, wewe unapanda ngazi yenyewe kandokando, gia ya kwanza, achilia klachi kidogo kidogo itembee nawe. Kuteremka asubuhi ndiko watu huumia, maana ukirudi kinyumenyume breki ya mbele haishiki vizuri, uzito wote uko nyuma na breki ya nyuma iko mguuni, huifikii. Zima injini, tia gia ya kwanza, na klachi ndiyo inakuwa breki yako: ukiishika inateremka, ukiiachilia inasimama. Jaribu mara mbili tatu hapo flati kwanza.

Ikishaingia funga koki ya petroli, na jiko liwe mbali. Rampu yenyewe ina kilo thelathini na kitu, tunaiinua watu wawili na kuisimamisha kwa ukuta, na mama jirani siku hizi ananiuliza kama inaweza kumpandishia mtungi wa maji.