Jinsi ya kumsaidia mtu wako adumu na dawa za VVU bila kuwa polisi wake

Naandika hii kwa yeyote anayeishi na mtu anayetumia ARV, awe mke, mume, mtoto, ndugu au rafiki tu, na naandika kwasababu mimi nilianza vibaya. Mdogo wangu alipoanza dawa nilikuwa namhesabia vidonge, kila Jumapili namwaga kopo mezani nahesabu viwili viwili, nikikuta hesabu imetimia moyo unatulia. Miezi mingi hesabu ilitimia, alafu kipimo cha wingi wa virusi kikaja virusi viko juu. Kumbe siku alizoruka alikuwa anatupa kidonge chooni ili nisije nikagomba. Uoga wake ndo nilikuwa nauhesabu pale mezani.

Kwahiyo la kwanza kabisa acha kuuliza "umemeza?", hilo swali mtu anajibu ndio hata kabla hujamaliza kuuliza. Uliza hivi, "wiki hii siku gani ilikuwa ngumu kumeza?" Hapo umeshakubali kwamba siku ngumu zipo, hana haja ya kuficha. Wa kwangu nilipomuuliza hivyo alinyamaza kidogo akasema ile alamu yako inaniumbua. Nilimwekea alamu ya saa 3 usiku, na saa 3 usiku yuko na wenzake, simu ikilia wote wanageuka wanamwangalia, anaizima haraka, akirudi amechoka analala. Na mimi muda wote huo naita uzembe.

Ukishajua anakwama wapi ndo unatafuta suluhisho la hapo hapo. Kama shida ni saa, badilisheni saa, ila mwambie kwanza anayemhudumia kliniki kwasababu dawa hazifanani. Wengi siku hizi wanatumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir ndani, hicho unaweza kumeza asubuhi au jioni, umekula au hujala, na kama kinamkosesha usingizi asubuhi ndo panafaa zaidi. ARV ya zamani inayoitwa efavirenz ilikuwa inaleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, ndo maana watu waliambiwa wameze wakati wa kulala. Ukishapata saa inayofaa ifunge kwenye kitu anachofanya kila siku bila kufikiria, sisi tulifunga kwenye mswaki, anapiga mswaki anameza, basi, alamu tukaifuta.

Kama shida ni watu kujua, hapo kaa nae vizuri, maana hili ndo linaangusha wengi. Angalia mambo madogo. Lile kopo ukiliweka kwenye begi linalia kama kayamba, mtu akitembea kila hatua chaka chaka, anahisi dunia nzima inasikia, mwishowe analiacha nyumbani na dozi imeruka. Akiwa anatoka, weka kipande cha pamba safi na kavu juu ya vidonge, kelele inakata, akifika aitoe maana pamba inavuta unyevu. Kile kipakiti cha kunyonya unyevu usikitoe, kinalinda dawa. Akienda safari abebe na za siku kadhaa za ziada, akae nazo mwenyewe, asiziweke kwenye mzigo mkubwa unaoweza kupotea. Na siri yake ni yake, hata mama yenu kama hajaambiwa usimwambie wewe, hata kama nia yako ni nzuri kiasi gani.

Akisahau dozi, ameze pale anapokumbuka. Kama muda wa dozi inayofuata umeshafika karibu sana, aiache aendelee na ratiba yake, asimeze mbili kwa mpigo kufidia.

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi, mtu anaweza asiruke hata siku moja na dawa isifanye kazi vizuri. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu vinaizuia dolutegravir isiingie mwilini sawasawa. Kanuni ya kawaida ni kumeza dolutegravir masaa 2 kabla ya hivyo vitu au masaa 6 baada. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu hili alijue mapema. Na akianza dawa za TB zenye rifampicin lazima kliniki wajue anatumia ARV gani, mara nyingi dolutegravir inaongezwa iwe mara mbili kwa siku. Dawa za mitishamba nazo ataje asiogope.

Akilalamika kichefuchefu au kichwa kuuma usimwambie vumilia. Wiki za mwanzo mwili unazoea kweli, lakini ikizidi arudi wamuangalie, kuna dawa nyingine za kubadilishiwa. Vipele vinavyosambaa na homa, au macho kuwa ya njano, hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mpe pia sababu ya kumeza ambayo sio vitisho. Virusi vikishuka mpaka kipimo hakivioni, na akaendelea kumeza, hamuambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Sio hatari imepungua, haipo. Mdogo wangu alikuwa anajiona sumu, aliposikia hili kutoka kwa nesi alimuuliza mara tatu, una uhakika? Akiruka ruka sasa, virusi vinazaliana wakati dawa imo kidogo mwilini, vinaizoea, inabidi atafutiwe dawa nyingine na machaguo sio mengi hivyo.

Mtoto ni habari nyingine kidogo. Usimdanganye kuwa ni vitamini mpaka aje ajue mwenyewe kwa kusoma kopo, akigundua amedanganywa miaka yote hiyo kumeza kunaishia hapo. Ongea nae kidogo kidogo kwa umri wake, wahudumu wanasaidia hili.

Na kama ameshaacha, wiki au miezi, asijianzishie mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki, arudi kliniki wampime na waangalie pa kuanzia. Wengi hawarudi kwasababu wanaogopa kufokewa. Wa kwangu alishawahi kufokewa mbele ya watu akakaa nyumbani mwezi mzima, kwahiyo siku ya kurudi tulienda wote, tukawahi kabla foleni haijajaa, mimi nikaongea kwanza pale mapokezi nikasema ameacha kwa muda na amekuja kuendelea. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kopo lake na pamba ndani. Siku ile hakufokewa.