Somo: Kupata ukaazi wa Dubai kwa njia ya ajira, na mambo ya kupima kabla ya kuondoka Arusha

Kila wiki hunifikia swali lilelile kutoka Njiro, Sakina, Usa River na Moshi mjini: mtu afanyeje ili apate ukaazi wa Dubai? Nimelijibu mara nyingi kwa simu na kwa ujumbe, na kuanzia leo kila atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Ninazungumzia Falme za Kiarabu peke yake, tena ajira katika kampuni binafsi, kwa kuwa Qatar, Omani na Saudia zina sheria zao.

Shikeni jambo moja kabla ya yote. Ukaazi wa mfanyakazi wa kawaida huko umefungwa kwenye ajira yake. Ajira ikiisha, ukaazi nao hufutwa, na mtu hupewa kipindi kifupi cha kutafuta mwajiri mwingine au kurudi nyumbani. Kwa hiyo anayetaka ukaazi mzuri anapaswa kwanza kutafuta mkataba mzuri, na ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu mkataba.

Hatua ya kwanza: pasipoti. Omba Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000.

Hatua ya pili: vyeti na majina. Nafasi inayodai elimu huhitaji cheti kilichothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko Dar es Salaam, na mwisho wizara ya mambo ya nje ya huko. Kabla ya kuanza mlolongo huo, weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha shule na pasipoti, usome majina herufi kwa herufi. Kwetu ni jambo la kawaida mtu awe na jina la ubatizo kwenye cheti kimoja, jina la babu kwenye kingine, na jina la ukoo lisilokuwapo kabisa kwenye cha tatu. Rekebisha tofauti hizo ukiwa bado nyumbani, kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kadiri ofisi husika itakavyokuelekeza.

Hatua ya tatu: barua ya ajira na mkataba. Hapa ndipo watu huumia, nami naomba msome taratibu. Barua ya ajira halali kwa kawaida hupitia Wizara ya Rasilimali Watu ya huko, inayojulikana kwa kifupi kama MOHRE, na huwa na namba inayoweza kuhakikiwa katika mtandao wa wizara hiyo. Barua iliyopigwa mhuri wa kampuni tu, isiyo na namba hiyo, usiifanye sababu ya kuacha kazi yako. Sheria ya kazi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri na kumleta, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Anayekuambia ulipie viza ya kazi mwenyewe anakuomba fedha ambazo kisheria si zako kulipa. Wakala wa hapa nyumbani naye mwombe leseni yake kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na ukitaka uhakika uliza TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kabla hujampa hata nakala ya pasipoti.

Kisha tazama mshahara wa msingi, usidanganywe na jumla. Mikataba mingi hugawa malipo katika mshahara wa msingi na posho za nyumba, usafiri na chakula, na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kiwango ni siku 21 za mshahara huo kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, ilimradi uwe umetimiza mwaka mmoja kazini. Chukua watu wawili wanaolipwa dirhamu 2,500 kila mmoja kwa mwezi. Wa kwanza mshahara wake wa msingi ni 1,500, hivyo baada ya miaka minne anastahili kiinua mgongo cha dirhamu 4,200. Wa pili msingi wake ni 800, naye kwa miaka ileile atapata 2,240. Wamefanya kazi sawa na kupokea mshahara sawa kila mwezi, lakini mmoja ameondoka na karibu nusu ya alichopata mwenzake, kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuuliza. Msipojadili mstari huo kabla ya kusaini, hamtaupata tena.

Muda wa majaribio usizidi miezi sita. Ukitaka kuacha kazi ndani ya muda huo na kuondoka nchini, unatoa taarifa ya siku 14. Ukihamia kwa mwajiri mwingine hukohuko, ni mwezi mmoja.

Hatua ya nne: kibali cha kuingia. Mwajiri ndiye anayekiomba, nawe unasafiri ukiwa nacho. Usisafiri kwa viza ya kutembelea kwa ahadi kwamba itabadilishwa ukifika. Kuibadilisha kunawezekana, lakini mwenye viza ya kutembelea haruhusiwi kufanya kazi, na mwajiri asipotimiza ahadi, faini ya kuzidisha muda, dirhamu 50 kwa siku, huhesabiwa juu yako wewe.

Hatua ya tano: afya. Ukaazi hautolewi bila kipimo cha damu, kikiwamo cha virusi vya UKIMWI, na picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu. Pima hapa kwanza. Nawasisitiza hasa ndugu waliofanya kazi migodini Mirerani, maana hata kovu la kifua kikuu kilichopona linaweza kuonekana kwenye picha na kuzuia ukaazi. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ina wataalamu wa magonjwa hayo. Waulize kabla hujauza chochote kwa ajili ya safari.

Hatua ya sita: ukishafika, una siku 60 za kukamilisha vipimo, alama za vidole na kitambulisho cha mkaazi. Ukaazi wa ajira kwa kawaida ni wa miaka miwili. Tangu mwaka 2022 hakuna tena stika kwenye pasipoti. Kitambulisho ndicho uthibitisho. Pasipoti ni yako, na mwajiri hana haki ya kuishikilia.

Sasa tupime faida na hasara. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo unachotuma nyumbani hakiyumbi kwa upande wa huko. Lakini mgeni hana mfuko wa lazima wa pensheni, na wa kipato kidogo hukodi kitanda katika chumba cha watu kadhaa. Kuleta mke, mume au watoto kunadai mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Asiyefikia hapo atawalea watoto wake kwa simu, na jambo hilo mzazi alizungumze na familia yake mapema, kwa uwazi.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali (Kijenge): Kuna mtu anataka milioni tatu, anasema kazi nitaipata nikishafika. Ni salama?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya tatu na ya nne, kisha usimlipe.

Swali (Moshi, Majengo): Nitumie kampuni nzuri nami niombe.

Jibu: Somo hili linahusu utaratibu. Sina orodha ya kampuni na sitaitoa.

Swali (Boma Ng'ombe): Shikamoo kaka. Mdogo wangu ameitwa kazi za ndani Abu Dhabi. Je, kanuni za kiinua mgongo ulizoeleza zinamhusu?

Jibu: Marahaba dada, na asante kwa kuuliza kabla hajaondoka. Hazimhusu. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao ya mwaka 2022, inayowapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za mapumziko kwa siku na likizo ya siku 30 kwa mwaka, nao wana haki ya kukaa na hati zao. Mwambie apate mkataba wenye jina la mwajiri na mahali atakapoishi, akuachie nakala ya mkataba na ya pasipoti, na mkubaliane siku maalumu ya kupiga simu, ili ukimya wake uwe ishara kwenu. Awe pia na namba ya ubalozi wetu wa Abu Dhabi kwenye karatasi, kwa maana simu huweza kuchukuliwa.

Swali (Tengeru): Nina ukaazi tayari. Mama anaumwa, nataka kukaa naye miezi minane. Nitaupoteza?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Ukaazi wa kawaida hupotea ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo. Zungumza na mwajiri kabla ya kuondoka, na kama ataridhia, panga kurudi huko angalau mara moja kabla muda huo haujatimia.

Swali (Sakina): Mimi ni dereva na mwongoza watalii, nimeendesha Serengeti na Ngorongoro kwa miaka mingi. Leseni yangu itakubalika?

Jibu: Leseni ya Tanzania haibadilishwi moja kwa moja Dubai, utafanya mtihani wa huko, na kubeba watalii jangwani kunahitaji vibali vya ziada. Muulize mwajiri nani atalipia, ajibu kwa maandishi. Ila wewe una kitu ambacho wengi hawana, nacho ni lugha. Kama umejifunza Kijerumani, Kifaransa au Kirusi kwa ajili ya wageni wako, kiweke juu kabisa kwenye wasifu wako na uombe pia nafasi za mapokezi hotelini. Huko utakuwa ndani ya jengo mwezi wa saba na wa nane, joto linapopita nyuzi 40.

Swali (Sakina, tena): Kirusi nakisema lakini sikiandiki vizuri. Nikiweke?

Jibu: Kiweke, ueleze kiwango chako kwa ukweli, na uanze kujifunza herufi zake wiki hii.