Kopepodi kwenye beseni: ninavyowafuga Ngarenaro

Samaki wangu wa mandarini, kisamaki cha baharini, alikuja na akwaria yake. Mgeni mmoja niliyekuwa nikimchapia fulana alihama Arusha, akaniachia kioo cha lita 120, mawe, pampu na samaki wawili. Yule wa mistari ya machungwa na nyeupe alikula kila nilichomrushia. Mandarini hakugusa. Punje zilikuwa zinapita mbele ya mdomo wake, anazitazama kama mwanafunzi wa bweni anavyotazama makande ya siku ya tatu, kisha anaendelea kudonoa mawe. Baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limebonyea.

Samaki huyu hudonoa mchana kutwa, na anachotafuta hasa ni kopepodi: jamaa wa kamba na kaa, wadogo kiasi kwamba hawa ninaowafuga hata mkubwa wao ni kama milimita moja tu. Nikaona dawa ni kuwafuga mwenyewe.

Mbegu ilitoka Tanga. Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa sana, shemeji yangu alishuka miambani upande wa Raskazone, akachukua viganja vichache vya mwani, akavikung'uta kwenye ndoo ya maji ya bahari. Maji hayo akayapitisha kwenye chujio la chai ili minyoo na vikaa vibaki juu. Nilimwambia mapema asitumie chandarua. Vyandarua vyetu vingi vina dawa, na dawa inayoua mbu haimbagui kopepodi. Akajaza chupa mbili nusu, nusu akaacha hewa, akazipandisha basi la asubuhi pamoja na madumu matatu ya maji ya bahari. Jioni nikazipokea stendi.

Usijaribu kukoroga chumvi ya dukani. Ile ni sodiamu kloraidi karibu tupu. Hata chumvi ya mashamba ya pwani, sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Tumia maji ya bahari yenyewe, au chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwaria, na haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya chumvi) isome kati ya 1.022 na 1.025.

Chombo changu ni beseni jeupe la plastiki. Nilianza na ndoo, nikaiacha. Kopepodi wa aina hii hutambaa kwenye kuta na sakafu ya chombo, kwa hiyo upana una faida kuliko kina. Lita 10 zinatosha. Mrija wa hewa hauna jiwe la mapovu mwisho, na unatoa mapovu makubwa moja au mawili kwa sekunde, basi. Umeme ukikatika usiku mzima, beseni pana lenye maji ya kina kifupi linavumilia. Weka kifuniko kinachopitisha mwanga, na chora mstari wa kalamu ya wino penye usawa wa maji. Maji yakishuka chini ya mstari, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopotea ni maji, chumvi inabaki. Mimi natumia maji ya kunywa ya chupa. Ya bomba la Arusha tunayajua yalivyo na floraidi, meno yetu yanatoa ushahidi. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati nayaogopa zaidi, maana zinki ni sumu kwa wadudu hawa.

Chakula ni pale wengi wanapoharibu. Bora kuliko vyote ni mwani wa hadubini ulio hai, kama Nannochloropsis. Mimi naukuza kwenye chupa za lita moja na nusu, kwa mbolea yake maalumu, taa ya LED na hewa. Kama huna, anza na spirulina ya unga: kiasi cha ncha ya kisu, koroga kwenye kikombe cha maji ya bahari, mimina hadi beseni lipate ukijani hafifu. Usirudie mpaka maji yawe meupe tena, hata ikichukua siku tatu. Niliwahi kuwapa hamira kwa mkono wa ukarimu. Kesho yake maji yalikuwa kama togwa iliyochacha, na hakuna kilichotembea.

Juni na Julai ni shughuli nyingine. Chumba changu alfajiri hushuka hadi nyuzi 17, na wadudu wa pwani hawazaliani vizuri kwenye baridi hiyo. Naliweka beseni ndani ya karai kubwa la maji, na hita ya akwaria inakaa kwenye karai ikiwa nyuzi 26. Hita ikiharibika, haiwachemshi moja kwa moja.

Kuvuna ndiko ufundi wangu wa kuchapa kwa skrini uliponifaa. Neti za kuchapia fulana huuzwa kwa namba, na namba hiyo ni idadi ya nyuzi kwenye sentimita moja. 43T ina matundu ya mikroni 130 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja), inakamata wakubwa. 120T iko chini ya mikroni 50, inakamata karibu wote, hata watoto. Nilikata vipande viwili vya bomba la PVC la inchi tatu, nikabandika neti kwa silikoni, nikaziacha zikauke wiki nzima. Neti iwe mpya. Iliyokwisha kuchapia ina mabaki ya wino na dawa za kufutia.

Mvuno wa kwanza subiri wiki tatu au nne. Mulika ukuta wa beseni kwa tochi: ukiona nukta nyeupe zinazoruka-ruka kila mahali, na majike wenye kifuko cha mayai mkiani, tayari. Nyonya lita mbili kwa mrija, pitisha kwenye 43T kisha 120T. Wakubwa waende kwa samaki, watoto uwarudishe. Jazia lita mbili za maji mapya ya bahari. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, si zaidi.

Na beseni la pili liweke nyumba nyingine. Langu liko kwa jirani tangu siku mama mwenye nyumba alipopuliza dawa ya mbu ukumbini, mlango wangu uko wazi. Ilikuwa saa kumi. Saa moja usiku nilimulika tochi, wote walikuwa chini kama vumbi.

Kuwalisha, zima taa na pampu za akwaria, wamimine taratibu karibu na mawe, subiri nusu saa ndipo uwashe pampu. Usiku wanajificha kwenye vishimo. Asubuhi mandarini anapita jiwe kwa jiwe, anasimama, anageuza jicho moja, anadonoa. Ukimtazama kwa juu sasa, tumbo limetokeza pande zote mbili.