Kukausha majani ya mlonge nyumbani bila kuua kilichomo

Ukiuziwa unga wa mlonge, kabla hujatoa hela fungua kopo uangalie rangi na unuse. Ukiwa wa kijani kweli kweli na harufu ya majani bado ipo, huo umekaushwa na mtu anayejua kazi. Ukiwa umepauka kuelekea njano au kahawia, au unanuka kama kitu kilichovunda, achana nao hata kama lebo imeorodhesha magonjwa arobaini, sehemu kubwa ya kilichokuwa kwenye jani imeshaondoka na muuzaji wala hajui. Ndio maana kila anayeniuliza namwambia kausha mwenyewe, miti yenyewe Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa imejaa, watu wameipanda mpaka kwenye fensi, na kazi haina gharama, inataka tu umakini sehemu mbili tatu.

Elewa kwanza kwa nini jani linaharibika, mengine yote yanakuja yenyewe. Jani la mlonge lina polifenoli, yani kundi la kemikali za mimea, humo kuna kwasetini, kampferoli na asidi ya klorojeniki, alafu lina vitamini C na beta karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Hizi zote ni antioksidanti, yani zinajitoa zenyewe zishambuliwe na oksijeni ili kitu kingine kipone. Parachichi ukilikata linakuwa jeusi, ukilikamulia ndimu linabaki na rangi yake, vitamini C na uchachu wa ndimu ndio vinafanya hiyo kazi. Sasa shida ni kwamba antioksidanti haichagui, ikikutana na jua, joto na hewa kwenye jani lako inajitoa hapo hapo kabla hujaila. Na jani ukiliponda likiwa bichi au ukirundika majani yakiwa na maji, vimeng'enya (enzaimu) vya ndani ya jani vinaanza kuzila polifenoli na ndio unaona yanakuwa meusi. Kwa iyo kazi yako ni kulitoa jani maji haraka bila kulichoma na bila kuliumiza, basi.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Kata tawi zima, chukua majani ya kijani yaliyokomaa, ya njano acha. Mti ulio kando ya barabara kubwa au karibu na gereji au dampo usiuguse kabisa, vumbi na moshi vinakaa juu ya majani na mti unaweza kuvuta madini mazito kama risasi kutoka kwenye udongo, hayo huyaoshi yakatoka. Ukifika nyumbani osha matawi mazima kwenye maji safi, alafu yaloweke dakika 3 mpaka 5 kwenye maji ya chumvi, gramu 10 za chumvi kwa lita 1 ya maji, ambayo ni kama vijiko viwili vya chai, hii inapunguza vijidudu. Suuza tena, kung'uta, ning'iniza matawi mpaka maji yaishe kudondoka, ndio uanze kupukuchua.

Kukausha ndio moyo wa kazi yote, hapa usiwe na haraka. Sio juani. Najua tumezoea kuanika kila kitu juani, dagaa, muhogo, mboga za majani, ila jua kali linaua beta karotini na linapausha jani, mlonge unakaushwa kivulini, chumba kinachopitisha hewa, dirisha wazi na pazia limeshushwa. Tandaza juu ya shuka safi au kanga, au vizuri zaidi juu ya wavu uliowambwa kwenye fremu ili hewa ipite na chini. Na hapa nisikilize vizuri, USITUMIE chandarua cha kulalia, vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu na hiyo dawa itaishia kwenye kikombe chako. Nunua wavu mpya wa madirisha, uoshe kwanza.

Yatandaze kwa tabaka jembamba, eneo la mita 1 kwa mita 1 lisibebe zaidi ya kilo 1, ukirundika zaidi ya hapo ya chini yatavunda. Geuza asubuhi na jioni kwa mikono misafi. Hali ya hewa ikiwa nzuri ndani ya siku 4 hivi yanakuwa tayari. Pwani wakati wa masika usijisumbue, hewa imejaa unyevu, majani yanakaa wiki nzima yamelegea alafu ukungu unaingia, na majani yakishaota ukungu yatupe yote, usichambue mazuri na mabaya. Subiri kipupwe, au kama una kikaushio cha sola au oveni hakikisha joto halipiti nyuzi 55.

Utajuaje yamekauka? Watu wengi wanashika jani tu, jani linadanganya, linakuwa karakara wakati kikonyo bado kina maji. Chukua kikonyo kile chembamba ukikunje, kikikatika kwa mlio umemaliza, kikijikunja tu rudisha. Alafu toa vikonyo vyote, vinafanya unga uwe na nyuzi. Usishangae majani yakipungua sana, jani bichi zaidi ya robo tatu ni maji, kilo nzima ya mabichi inakupa gramu 200 mpaka 250 hivi.

Saga kwa kinu au blenda, ila blenda uiendeshe kidogo kidogo uwe unaipumzisha maana kisu kinapata moto. Chekecha, acha upoe, weka kwenye chupa ya kioo inayofunga vizuri, kabatini kwenye giza mbali na jiko. Andika tarehe na umalize ndani ya miezi 6.

Sasa matumizi, na hapa ndio watu wanapoteza kilichobaki kwa kuchemsha unga mpaka maji yawe meusi wakidhani ndio dawa inatoka. Polifenoli nyingi zinatoka kwenye maji ya moto bila kutokota. Chemsha maji, epua, subiri dakika moja mbili, kijiko kimoja cha chai cha unga kwenye kikombe, funika, acha dakika 10, chuja au kunywa na unga wake. Lakini beta karotini haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta, ukiwa unakunywa chai tu na kuchuja hiyo unaimwaga na makapi. Ndio maana mboga ya mlonge iliyoungwa kwa nazi ni akili kubwa sana, bibi zetu walikuwa wanakula jani zima pamoja na mafuta yake. Nyunyiza unga kwenye maharage, kwenye supu, kwenye uji wenye karanga, mwishoni ukiwa unaepua.

Kuna wanaotaka kulowesha majani kwenye spiriti ili watoe "nguvu" zaidi kwa sababu wamesikia maabara wanafanya hivyo. Ni kweli pombe inatoa polifenoli vizuri, ila maabara wanatumia hata methanoli na wao hawanywi, wanapima tu. Methanoli inapofua macho na inaua. Spiriti ya kusafishia vidonda sio ya kunywa, na gongo hujui ndani kuna nini. Nyumbani tumia maji na mafuta, vinatosha.

Na ukisikia "imethibitishwa maabara ina antioksidanti kali" ujue kipimo kinachotumika sana ni kuweka dondoo la jani kwenye kemikali moja ya zambarau inaitwa DPPH na kuangalia inavyopauka kuwa njano. Kinasema kweli kuhusu kilichopo kwenye chupa, hakisemi kitu kuhusu ini lako wala sukari yako. Zaidi sio bora zaidi pia. Finland walifanya utafiti mkubwa kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, matokeo yakatoka 1994, waliopewa vidonge vya beta karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya ambao hawakupewa. Hicho ni kidonge sio jani, lakini kijiko kimoja au viwili vya chai kwa siku vinatosha jamani, huu ni mboga. Na ile meseji ya mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa usiitumie kwa unga, sehemu kubwa ya vitamini C inaondoka wakati wa kukausha. Ukiitaka hiyo kula chungwa.

Wanaotakiwa kuwa na tahadhari: kama unatumia dawa za sukari au presha, mlonge unaweza kushusha zaidi na ukajikuta unatetemeka na jasho, mwambie daktari na upime mara kwa mara. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze bila kuongea na daktari, majani ya kijani kama haya yana vitamini K inayopingana na hiyo dawa. Vidonge vya madini ya chuma usimeze pamoja na chai ya mlonge, polifenoli zinazuia chuma kuingia mwilini, acha masaa mawili katikati. Mjamzito asiguse mizizi wala magome, na unga wa majani aulize kliniki kwanza. Na hakuna jani la kukufanya uache ARV, dawa za TB au insulini, hata siku moja, anayekuambia uache mkimbie.

Majani ya mpera na mchaichai unayakausha kwa njia hii hii. Mwarobaini hapana, ule sio wa kunywa kila siku na mtoto mdogo usimpe kabisa.

Ukitaka kuuza, Tanzania unga ukiwa ni chakula unaenda TBS (Shirika la Viwango), ila ukiandika kwenye lebo kwamba unatibu ugonjwa fulani hapo umeingia kwenye tiba asili na unatakiwa kupita Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa kuanzia andika tu unga wa majani ya mlonge, uzito, na tarehe uliyosaga.