Kupaka rangi sukari zinazozunguka seli za saratani: kwa wenzetu wa maabara Tanga

Kati ya seli moja na nyingine za uvimbe kuna protini na minyororo mirefu ya sukari. Mmojawapo, hialuronani, huvuta maji mengi hadi uvimbe ukakaza, mishipa midogo ya damu ikabanwa na dawa zikapenya kwa shida. Pia hujishika kwenye kipokezi CD44 juu ya seli na kuzichochea zisambae. Kuionyesha kwenye slaidi kunawezekana kwa rangi ya alsiani bluu na hadubini ya kawaida.

Kinyama cha uvimbe kiingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya 10% yenye bafa, yaani kimiminika kinachozuia uasidi kubadilika, mara kinapokatwa, formalini iwe mara kumi ya ujazo wake, kikae saa 6 hadi 48. Kinachotoka Pangani au Lushoto kisafiri humohumo, kisitiwe kwenye maji ya dripu.

Kikishagandishwa ndani ya nta, kata unene wa mikromita 4 au 5, slaidi mbili. Mbili ni lazima! Ute wa tezi nao hushika bluu, kondroitini salfeti (mnyororo mwingine wa sukari) vilevile, kwa hiyo slaidi moja ya bluu haithibitishi kitu. Ukishaondoa nta, loweka moja kwenye hialuronidasi, kimeng'enya kinachokata hialuronani, kwa nyuzi 37, saa 2 hadi 3. Nyingine ikae muda uleule kwenye bafa tupu, isiyo na kimeng'enya. Bluu inayofutika kwenye ile ya kimeng'enya ndiyo unayoitafuta. Kimeng'enya cha korodani za ng'ombe hukata kondroitini pia. Cha bakteria wa Streptomyces hukata hialuronani peke yake, na tunakipendelea kikipatikana.

Rangi: gramu 1 ya alsiani bluu, maji yaliyotoneshwa ml 97, asidi asetiki kali ml 3. Pima pH (kipimo cha uasidi) ifike 2.5, chuja, tia chembe ya thaimoli kuzuia ukungu. Paka dakika 30, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 5, kisha rangi nyekundu ya viini dakika 5. Ukishusha pH hadi 1.0 hialuronani haitaonekana, kwani hapo rangi hushika sukari zenye salfeti tu, nayo haina.

Joto la pwani huja na unyevu, na alkoholi ya 100% ya kukaushia slaidi ikiachwa wazi hunyonya maji hewani. Slaidi ikigeuka nyeupe kama maziwa ndani ya zailini (kiyeyusho kinachofuata alkoholi), sababu huwa hiyo: irudishe kwenye alkoholi mpya, kisha zailini safi, ndipo uifunike kwa kioo.

Bluu hii haitambui saratani. Utambuzi unabaki kwenye slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, mbele ya daktari wa patholojia.