Kereng'ende wa kaskazi: namna ya kujua wanaelekea wapi

Kaskazi ikishashika, Novemba Disemba hivi, kereng'ende wanajaa kila kiwanja na watoto wanawafunga uzi mkiani, basi. Kumbe wengine wale ni wageni, wataalamu wanasema wanatoka Bara Hindi, wanapita Maldivi na Shelisheli, wanavuka bahari kwa upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi. Aliyeiandika habari hii 2009 ni Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe vya bahari kule Maldivi.

Kwanza mjue huyo mgeni mwenyewe. Ni wa manjano, bawa la nyuma pana, na akitua haketi, ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Yule mwekundu wa kwenye kijiti siye.

Nenda pahala peupe saa tatu asubuhi, mie napenda pwani. Chomeka kijiti, funga uzi mwepesi uone upepo unapeleka wapi. Halafu fungua dira ya simu lakini iweke mbali na chuma, mwaka juzi mie niliiweka juu ya boneti ya gari nkaandika ukurasa mzima wa kaskazini ambayo haikuwa kaskazini.

Sasa utamu wenyewe: mdudu akikupita, mtazame kwa nyuma, kichwa kinaelekea wapi na mwili unakwenda wapi. Upepo ukimpiga ubavuni utaona kichwa kimegeuzwa kidogo kule upepo unakotoka ilhali safari yake imenyooka, kama nahodha wa ngalawa anavyolenga juu kidogo ya bandari ili asisukumwe akaikosa. Huko Panama kereng'ende wa aina hii wameonekana wakifanya hivyo juu ya ziwa. Jani linalopeperushwa na upepo tu haliwezi hilo.

Dira yao? Kwa wadudu wa mchana jua ndo kubwa, ila jua linahama, kwa hiyo lazima uwe na saa. Vipepeo monaki wa Marekani saa hiyo wanayo kwenye papasi, vile vipembe vya kichwani, zikipakwa rangi nyeusi wanapotea. Wa usiku wana zao, nondo bogong wa Australia anafuata nyota na usumaku wa dunia.

Andika wanaelekea wapi kwa dakika ishirini, na hesabu wanaopita tu. Wale wanaozunguka pahala pamoja wanawinda mbu, waache wale zao.